Marehemu Jaramogi Oginga Odinga: Urithi Aliotuachia Sisi wa Vyama vya Kusaidiana



Ni desturi ya kijitabu hiki kwamba, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya mazishi na karo za shule, zifuate kurasa chache za kumbukumbu. Mwaka huu Halmashauri imetutaka tuandike habari za marehemu Jaramogi Oginga Odinga. Sababu yake haifichiki. Tarehe 15 Oktoba 2025 mwanawe, Raila Amolo Odinga, alifariki huko India, na siku nne baadaye akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, katika boma alimozikwa baba yake. Siku zile za msiba jina la baba lilitajwa katika kila mkusanyiko, toka Bondo hata hapa kwetu Pap Onditi. Lakini tulitambua ya kuwa vijana wengi walilitaja jina hilo pasipo kujua mwenye jina alitenda nini, isipokuwa kwamba alikuwa Makamu wa Rais na kwamba hakupatana na wakubwa.

Sababu ya pili yahusu chama chetu wenyewe. Uchaguzi wa mwaka 2027 wakaribia, na wanaotaka viti wameanza kuomba nafasi ya kusema katika mikutano yetu. Wanachama wengine waona si vibaya, maana mgeni huja na mchango mkononi. Wengine waona ya kuwa chama cha kuzika na kusomesha kikiisha kuingia siasa hakitoki humo kikiwa kizima. Jambo hili litaamuliwa na mkutano mkuu. Sisi twaona ya kuwa maisha ya mzee huyu yana neno la kutufunza juu yake, na kwa hiyo tumeyaandika kwa kuyaelekeza huko.

Sisi tunaoandika tulikuwa wachanga alipofariki, na hatukupata kumsikia kwa masikio yetu. Tumeyaandika yale yanayojulikana wazi. Wazee waliomwona watayatia nyama.

Alizaliwa yapata mwaka 1911 huko Nyamira Kang'o, katika Sakwa ya Bondo. Alisoma Maseno, kisha Alliance High School, kisha Chuo cha Makerere, akarudi Maseno kuwa mwalimu. Baadaye alikuwa mkuu wa Shule ya Veterinary ya huko huko Maseno. Katika siku zile mwalimu aliyetoka Makerere alikuwa mtu mkubwa. Mshahara wake ulikuwa wa hakika, na nyumba yake ilitazamwa na wote. Hata hivyo tangu mapema alionyesha tabia ya kutokubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Majina ya ubatizo aliyopewa, Obadiah na Adonijah, aliyaacha. Watoto wake walipofikia kubatizwa alitaka wabatizwe kwa majina ya kwao, na jambo hilo likamkosanisha na wakuu wa kanisa. Sisi tuliosomeshwa na misheni twajua ya kuwa hilo halikuwa dogo. Hakuikana elimu aliyoipata kwao. Alikataa tu kwamba Mwafrika lazima aache jina lake mlangoni ndipo aingie.

Kabla hatujaendelea, yafaa tukumbuke ya kuwa vyama vya kusaidiana katika Nyanza vilikuwapo kabla yake. Mwezi wa Desemba 1921 watu walikutana Lundha, katika Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association. Viongozi wake walikuwa walimu waliosoma Maseno, na mmoja wao alikuwa Jonathan Okwiri. Walidai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na ardhi yao iwe na hati, kwa kuwa mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imefanywa koloni na watu waliogopa kunyang'anywa mashamba. Mwaka 1923, chini ya Archdeacon Owen wa C.M.S., chama kile kiligeuzwa kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Tangu hapo nguvu nyingi zikaelekezwa katika kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kutunza afya ya nyumba. Mambo hayo yalikuwa mema, na hapana awezaye kuyadharau. Lakini madai ya ardhi na kodi yalipoa. Basi swali ambalo chama chetu chajiuliza leo liliulizwa na babu zetu miaka mia moja iliyopita: je, chama cha heri ya watu kiseme juu ya utawala, au kinyamaze na kuchimba vyoo?

Oginga Odinga alilijibu swali hilo kwa njia yake. Hakuanza na siasa. Alianza na akiba. Alikuwa ameona ya kuwa biashara ya Kisumu na ya masoko yote ya Nyanza ilikuwa mikononi mwa wageni, na kwamba Mwafrika aliuza mahindi na pamba yake kwa bei aliyopangiwa, kisha akanunua sukari na nguo kwa bei aliyopangiwa vile vile. Aliona pia ya kuwa Wajaluo waliotawanyika kufanya kazi katika reli, bandari na miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na fedha kidogo kidogo, ambazo zikiwa mbalimbali si kitu, na zikikusanywa zaweza kuwa mtaji. Haba na haba hujaza kibaba. Aliacha kazi ya ualimu, na baada ya kujaribu kwanza na chama kidogo cha akiba huko Bondo, mwaka 1947 ikaandikishwa Luo Thrift and Trading Corporation.

Wazee wanajua maana ya kuacha mshahara wa hakika na kwenda kuwaomba watu hisa. Alisafiri mji kwa mji akieleza habari ya kampuni. Kutokana na fedha hizo lilifunguliwa duka Maseno, ikajengwa Ramogi House katika Kisumu, na ikapatikana mitambo ya kuchapa huko Nairobi. Gazeti la Ramogi, lililoandikwa kwa Kijaluo, lilichapwa humo, na mhariri wake alikuwa Achieng' Oneko, ambaye baadaye alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Faida ya kampuni haikuwa kubwa, tena shida zilikuwa nyingi: wafanyakazi wasiozoea biashara, mtaji mdogo, na watawala waliotazama kila shilingi ya Mwafrika iliyokusanywa kwa jicho la shaka. Lakini nyumba ya ghorofa iliyosimama katika mji wa Kisumu kwa hisa za makarani, wapishi na wakulima ilikuwa hotuba kubwa kuliko zote.

Kwa kazi hiyo watu wakamwamini. Katika miaka ya 1950 Luo Union, umoja uliokusudia kuwaunganisha Wajaluo wote wa Afrika ya Mashariki, ulimpa cheo cha Ker, ambacho kwa mapokeo ni cha kiongozi mkuu wa kabila tangu siku za Ramogi. Kutokana na Ramogi ndipo likaja jina Jaramogi, yaani mtu wa Ramogi. Luo Union ilisaidia wagonjwa, ilisafirisha maiti kutoka miji ya mbali, ilichangia shule. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, alipouawa mwaka 1953, umoja huo ulichangisha fedha ikajengwa Ofafa Memorial Hall mjini Kisumu kwa ukumbusho wake. Kazi hizo ndizo kazi zetu hadi leo, ila zao zilikuwa kubwa zaidi.

Sasa twafika mahali ambapo twaomba wanachama wasome polepole. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane. Si kila mtu mzima aliyepiga kura; kura zilitolewa kwa kipimo cha elimu, mali na kazi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura zaidi ya moja. Odinga alisimama katika Nyanza ya Kati, akamshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa Waziri katika serikali ya kikoloni. Lakini kwa desturi Ker si mwanasiasa. Ker ni wa wote: wa aliyempigia kura na wa asiyempigia. Kwa hiyo mwaka ule ule Odinga aliuacha u-Ker. Hakusema ya kuwa watu wampenda, basi avae kofia zote mbili. Aliyetaka kumfuata katika siasa alimfuata kwa hiari yake, na aliyebaki katika Luo Union kwa ajili ya kuzika na kusomesha hakulazimika kuwa mfuasi wa mtu.

Katika Baraza, wajumbe wale wanane walikataa kupokea uwaziri mpaka katiba ibadilishwe na Waafrika wapewe viti zaidi. Mwezi wa Juni 1958 Odinga alisimama akasema ya kuwa Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Wakati huo kulitaja jina la Kenyatta kwa heshima kulikuwa kama kutia mkono motoni. Wazungu walimpigia kelele, na hata Waafrika wengine walijitenga na maneno yake. Alikuwa na nafasi ya kujipatia ukubwa yeye mwenyewe wakati mkubwa yu kifungoni. Badala yake alidai mkubwa afunguliwe. Kanu ilipoundwa mwaka 1960 yeye alikuwa makamu wa rais wa chama hicho, na baada ya uchaguzi wa 1961 Kanu ilikataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Kenyatta alifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, Odinga akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Nchi ilipokuwa Jamhuri mwaka 1964 akawa Makamu wa Rais wa kwanza. Lakini urafiki haukudumu. Yeye aliona ya kuwa mashamba yaliyoachwa na walowezi yawafikie wasio na ardhi, wala yasiwe ya wachache wenye fedha. Wengine waliona ya kuwa mali ya mtu isiguswe na kwamba mashamba yanunuliwe. Tena dunia siku zile ilikuwa imegawanyika kati ya Marekani na Urusi, na Odinga alisaidia vijana wengi kwenda kusoma katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Kwa hiyo aliitwa mkomunisti. Katika mkutano wa Kanu huko Limuru, mwezi wa Machi 1966, cheo chake cha makamu katika chama kiligawanywa kikawa vyeo vinane, kimoja kwa kila jimbo na Nairobi. Mwezi wa Aprili alijiuzulu serikalini, akawa kiongozi wa Kenya People's Union. Sheria ikabadilishwa upesi, ya kwamba mbunge anayehama chama lazima arudi kuomba kura. Katika uchaguzi mdogo wa 1966 K.P.U. ilipata viti tisa tu katika mabaraza yote mawili, vingi vyake kutoka Nyanza ya Kati.

Mwaka 1969 ulikuwa wa giza. Argwings-Kodhek, mwanasheria wa kwanza Mwafrika wa Kenya, alikufa mwezi wa Januari, na Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi mwezi wa Julai. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Maneno makali yalitupwa kati yake na Odinga mbele ya watu, ghasia zikazuka, na askari wakapiga risasi katika umati. Watu wakafa, na watoto miongoni mwao. Siku chache baadaye K.P.U. ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hata mwezi wa Machi 1971.

Hospitali ile bado yaitwa Russia na wazee wetu. Jina lake rasmi leo ni Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital. Wagonjwa wa Nyakach wakishindikana huku hupelekwa huko. Twaona yafaa mtoto anayepita katika lango lile aelezwe ya kuwa jina lile liliwekwa penye majonzi, na kwamba jengo la kuponya lilifunguliwa siku ya kuumiza.

Baada ya hapo alizuiwa kusimama katika uchaguzi mara kwa mara. Mwaka 1982 alipotaka kuunda chama kipya, Bunge lilibadilisha katiba ili Kenya iwe na chama kimoja tu kwa sheria, naye akafungiwa nyumbani kwake. Mwanawe Raila alikaa kizuizini miaka mingi. Na hapa vyama vyetu pia vilipata pigo. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, na Luo Union ikafa pamoja na vingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kuondoa ukabila. Hatukatai ya kuwa vyama vingine vya siku zile viligeuzwa ngazi ya wanasiasa. Lakini mwenye kulipa adhabu alikuwa mjane aliyezoea kusaidiwa kuleta maiti ya mumewe nyumbani.

Mwaka 1991 mzee, akiwa na umri wa miaka themanini hivi, aliungana na wengine kuanzisha FORD, na mwezi wa Desemba sheria ya chama kimoja ikafutwa. Hapo ushindi ulikuwa karibu. Lakini FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, kwa sababu viongozi hawakukubaliana ni nani asimame. Odinga alibaki na Ford-Kenya, Kenneth Matiba na Ford-Asili. Rais Moi alishinda kwa kura zisizofika mbili katika kila tano. Odinga akawa wa nne. Watu wa upinzani walikuwa wengi kuliko washindi, na wengi hao walishindwa kwa sababu ya kugawanyika.

Hatuandiki haya ili kumfanya malaika. Mtu akisifiwa mno, vijana huacha kusadiki hata yaliyo kweli. Katika mgawanyiko ule yeye naye alikuwa na sehemu yake. Tena mwaka 1993 alikiri ya kuwa alipokea mchango wa shilingi milioni mbili kutoka kwa mwenye kampuni ya Goldenberg, kampuni iliyotajwa katika upotevu mkubwa wa fedha za umma. Baadhi ya viongozi wenzake waliviacha vyeo vyao chamani. Mtu aliyekusanya hisa za maskini mwaka 1947 alijikuta, katika uzee wake, akiulizwa juu ya fedha za tajiri. Twaona ya kuwa jambo hili ni sehemu ya urithi wake, maana latufunza kwa upande wa pili. Hata mti mkubwa una tawi lililokauka, na mwenye busara halifichi tawi, hulikata.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Chuo Kikuu cha Bondo chaitwa kwa jina lake, na kofia yake ya shanga yakumbukwa na kila aliyemwona.

Basi tukirudi kwenye swali letu. Wazee wa 1923 waliambiwa wachimbe vyoo na kunyamaza. Wanasiasa wa baadaye walitaka vyama viseme, lakini viseme kwa sauti yao. Odinga alionyesha njia ya tatu. Alitumia chama cha akiba kuwafunza watu kusimama wenyewe, na alipoona ya kuwa wito wake ni siasa, alikiacha kiti cha wote ndipo akaingia uwanjani. Chama hakikumnyamazisha, wala yeye hakukiteka.

Kwa hiyo twaweka mambo matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, afisa yeyote wa chama chetu, awe Mwenyekiti, Mwekahazina au sisi makarani, akitaka kugombea kiti cha siasa, aondoke kwanza katika cheo chake, kama Ker alivyofanya mwaka 1957. Pili, mchango wowote wa mgombea upokewe kwa stakabadhi, uandikwe katika daftari pamoja na jina la mtoaji, na usomwe mbele ya wanachama; usioweza kusomwa urudishwe. Tatu, mwanachama yeyote aweza kusema juu ya ardhi, kodi na mafuriko ya uwanda wetu bila kuambiwa ya kuwa hayo si ya chama. Ila asiseme kwa niaba ya mtu anayetafuta kura.

Wako watakaosema ya kuwa sharti la kwanza litatukosesha maafisa hodari. Huenda ikawa. Lakini afisa anayeondoka mwezi wa Januari aweza kurudi baada ya uchaguzi, akiwa na marafiki wote aliokuwa nao. Chama kilichogawanyika kwa ajili ya uchaguzi hakirudi upesi hivyo, na maiti haingoji mpaka wapatane.

Mzee Jaramogi alianza na hisa za watu wadogo. Ada zetu za mwaka huu, ambazo hesabu yake mmeisoma katika kurasa zilizotangulia, ni za watu wadogo vile vile. Tuzitunze kwa heshima ile ile.

Tunawatakia wanachama wote mwaka wa amani, na wazee wetu afya njema.